Mwaka wa PP2 una siku 150: jinsi mwalimu wa chekechea anavyopanga masomo ya 2026

Kwa mzazi, mwaka wa shule huanza siku ya kununua sare na daftari. Kwa mwalimu wa chekechea, huanza wiki kadhaa kabla ya hapo, wakati darasa likiwa limefungwa na watoto wako nyumbani. Mwalimu hukaa na kalenda, kalamu na kitabu cha mtaala, akajiuliza maswali mawili. Nitakuwa na watoto hawa kwa siku ngapi hasa? Na katika siku hizo, nataka wafike wapi?

Makala haya yanaeleza jinsi maswali hayo yanavyojibiwa katika darasa la PP2, ambalo ni mwaka wa mwisho kabla ya gredi ya kwanza. Yanawalenga wazazi, walezi, wanakamati wa vituo vya chekechea na vijana wa Kwale wanaofikiria kazi ya ualimu. Mkazi anayeujua mpango wa mwalimu hujua pia siku zipi mtoto wake hafai kuzikosa, na hujua la kuuliza anapofika kituoni.

Kwa nini jambo hili linaihusu kaunti

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa majukumu ya elimu kati ya Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti. Elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wadogo ni jukumu la kaunti. Kuanzia gredi ya kwanza, mtoto huingia katika shule ya msingi, ambako walimu wa umma huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC).

Katika mtaala wa umilisi, chekechea ni miaka miwili. Mtoto huingia PP1 akiwa na umri wa takriban miaka 4, na PP2 akiwa na miaka 5. Mtaala wenyewe hutayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), na ni mmoja kwa nchi nzima. Hata hivyo, mtaala hausemi wiki gani mto utafurika, wala siku gani ya soko watoto watabaki nyumbani. Kuuweka mtaala huo katika siku halisi za kijiji ni kazi ya mwalimu, na hapo ndipo mpango wa mwaka unapoanzia.

Hatua ya kwanza: kuhesabu siku

Mwaka una wiki 52. Ratiba ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2026 inatoa wiki 36 za shule. Mwalimu huzichukua wiki hizo muhula kwa muhula na kuondoa kila siku ambayo darasa halitakuwapo.

Muhula wa kwanza unaanza 5 Januari hadi 2 Aprili, wiki 13. Siku ya kufunga ni Alhamisi, kwa hiyo siku za kazi ni 64. Likizo fupi ya katikati ya muhula, kuanzia 25 Februari, inachukua siku 3. Mwalimu hutenga siku 1 kwa ajili ya Idd-ul-Fitr, ambayo tarehe yake hutegemea kuandama kwa mwezi. Zinabaki siku 60.

Muhula wa pili unaanza 27 Aprili hadi 31 Julai, wiki 14, yaani siku 70. Likizo fupi ya kuanzia 24 Juni ni siku 3. Sikukuu ya Wafanyakazi, 1 Mei, inaangukia Ijumaa, na Madaraka, 1 Juni, inaangukia Jumatatu. Siku 1 hutengwa kwa Idd-ul-Adha. Zinabaki siku 64.

Muhula wa tatu unaanza 24 Agosti hadi 23 Oktoba, wiki 9, yaani siku 45. Mashujaa, 20 Oktoba, ni Jumanne. Zinabaki siku 44.

Jumla ni siku 168. Lakini hata hizo si zote za kufundisha jambo jipya. Wiki ya kwanza ya Januari ni ya kuwapokea watoto, kuwazoesha darasa na kuona kila mmoja amekuja na nini. Wiki ya mwisho ya kila muhula ni ya kupima na kukamilisha rekodi. Siku hizo ni 18. Mwalimu anabaki na siku 150 za masomo, sawa na wiki 30.

Kipindi cha chekechea ni dakika 30. Kwa wiki kuna vipindi 25, na kati ya hivyo Shughuli za Lugha zina 5 na Shughuli za Hisabati zina 5, yaani kipindi kimoja cha kila somo kwa siku. Siku 150 kwa nusu saa ni saa 75. Huo ndio muda wote ambao mwalimu anao, mwaka mzima, wa kumtoa mtoto katika kusikia sauti hadi kusoma maneno mafupi.

Hatua ya pili: kutenga wiki za kufidia

Mwalimu mgeni kazini hujaza wiki zote 30 kwa mambo mapya. Kufikia Machi anajikuta nyuma kwa wiki mbili, kufikia Julai kwa wiki tano, na Oktoba anakimbiza kurasa ambazo watoto hawazielewi.

Mwalimu mzoefu huacha nafasi. Njia moja rahisi ni kutenga wiki mbili katika kila muhula ambazo hazina jambo jipya. Katika wiki hizo, darasa hurudia yaliyokwisha kufundishwa, na mwalimu hukaa na watoto waliokosa au ambao hawajashika. Kwa mpango huo, muhula wa kwanza una wiki 8 za mambo mapya, wa pili wiki 10 na wa tatu wiki 6. Jumla ni wiki 24 za kusonga mbele na wiki 6 za kufidia.

Mwalimu asipozitenga wiki hizo mapema, atazitoa tu baadaye, bila mpango. Mvua itazichukua, ugonjwa utazichukua, mkutano wa dharura utazichukua, na fungu la mwisho la mtaala ndilo litakaloachwa. Katika PP2, fungu hilo la mwisho ndilo kusoma.

Hatua ya tatu: kuanza na mwisho wa mwaka

Baada ya kuhesabu siku, mwalimu huandika anachotaka mtoto aweze kufanya kufikia Oktoba, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi Januari. Chukua mfano wa Shughuli za Lugha.

Lengo la Oktoba: mtoto asome maneno mafupi, aandike jina lake, na asimulie hadithi fupi aliyoisikia.

Ili asome maneno, lazima kabla ya hapo aunganishe silabi. Neno mama ni silabi mbili, na neno kuku ni silabi mbili. Ili aunganishe silabi, lazima awe anazijua konsonanti na irabu. Na ili azijue herufi, lazima sikio lake liwe limezoea kutofautisha sauti, na mkono wake uwe umezoea kushika penseli.

Kwa hiyo, katika mpango wa mfano huu, muhula wa kwanza ni wa sauti, irabu tano a, e, i, o, u, na mazoezi ya mkono: kuchora mistari, duara na mawimbi. Muhula wa pili ni wa konsonanti na silabi. Mwalimu haanzi na herufi zote. Akianza na m, k, t, b na d peke yake, konsonanti hizo tano pamoja na irabu tano huzaa silabi 25. Kwa silabi hizo mtoto anaweza kusoma mama, dada, bata, kuku, moto na kiti. Muhula wa tatu, ambao ni mfupi kuliko yote, ni wa maneno na sentensi fupi.

Mpango ukiangaliwa hivi, mzazi anaona kwa nini kuchelewa kuripoti Januari si jambo dogo. Mtoto anayefika wiki ya nne amezikosa irabu. Mei, wenzake wanaposema ma, me, mi, mo, mu, yeye anasikia kelele tu. Hajashindwa kwa sababu hana akili. Ameshindwa kwa sababu kitu ambacho silabi hizo zimejengwa juu yake hakupewa.

Hisabati hupangwa vivyo hivyo. Kabla ya kuandika nambari, mtoto hutenga vitu vinavyofanana, huvilinganisha viwili viwili, huvipanga kutoka kidogo hadi kikubwa. Kisha huvihesabu kwa kuvigusa. Alama ya 5 ubaoni huja baada ya mtoto kushika vitu vitano mkononi. Mtoto anayeimba moja hadi ishirini bila kusita, lakini akaulizwa alete vijiti vinne akaleta sita, bado hajajua kuhesabu. Mpango mzuri huacha wiki za kutosha za kugusa vitu kabla ya daftari kufunguliwa.

Hatua ya nne: maazimio ya kazi

Mpango wa mwaka ukishakamilika, mwalimu huugawa katika maazimio ya kazi ya kila muhula. Hayo ni jedwali lenye safu kadhaa: wiki, kipindi, mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, shughuli za ujifunzaji, maswali dadisi, nyenzo, tathmini na maoni.

Safu ya matokeo hueleza jambo ambalo mtoto ataweza kufanya na mtu mwingine akaliona. "Mtoto aelewe sauti m" haitoshi, kwa sababu hakuna anayeona kuelewa. "Mtoto ataje vitu vitatu ambavyo majina yake huanza na sauti m" inatosha. Mwalimu anaweza kumsikiliza kila mmoja na kuweka alama.

Safu ya nyenzo ndiyo inayomwokoa mwalimu asiyekuwa na bajeti. Akijua Januari kwamba wiki ya tatu atahitaji vitu vya kutenganisha, ana muda wa kuwaomba wazazi. Vifuniko vya soda, kokwa za maembe zilizokaushwa, vifuu vya nazi, makombe ya baharini kwa walio pwani, na vijiti kwa walio bara, vyote vinapatikana Kwale bila senti. Boksi za kadibodi hukatwa zikawa kadi za herufi. Mwalimu hukumbuka pia usalama: watoto wa umri huu hutia vitu mdomoni, hivyo punje ndogo huwekwa kwenye chupa iliyofungwa, na vifuu vyenye ncha kali husuguliwa kwanza.

Safu ya mwisho, maoni, huachwa tupu wakati wa kupanga. Hujazwa baada ya kufundisha. Hapo mwalimu huandika yaliyotokea kweli: "Watoto 9 kati ya 31 hawakuja, mvua." "Sauti b na d zinachanganywa, rudia." "Kipindi hakikufanyika." Afisa wa elimu anayetembelea kituo huangalia safu hii, kwa sababu maazimio ambayo maoni yake yote ni "limefanikiwa" hayamsaidii mtu. Tena, mwalimu akiugua au akienda likizo ya uzazi, anayeshika nafasi yake husoma maoni hayo na kuendelea palipoishia. Bila hayo, darasa huanza upya, na watoto hulipa kwa siku zao.

Kutoka kwa maazimio, mwalimu huandika andalio la somo la kila kipindi. Kwa kipindi cha silabi ma, mfano wake ni huu. Dakika 5 za kwanza, watoto huimba wimbo wenye sauti m. Dakika 20 zinazofuata, mwalimu huonyesha kadi ya m na kadi ya a, huzisogeza hadi zikutane, watoto hutamka, kisha kila kikundi hufanya hivyo kwa kadi zake na kutafuta vitu vyenye sauti hiyo. Dakika 5 za mwisho, mwalimu huwasikiliza watoto sita au saba, mmoja mmoja, na kesho yake wengine. Kufikia Ijumaa amemsikia kila mtoto.

Kupanga kwa misimu ya Kwale

Mtaala ni wa nchi nzima, lakini mvua na Ramadhani vina mahali na wakati wake. Mwalimu anayeujua mwaka wa Kwale huweka mambo matatu akilini.

La kwanza ni Ramadhani. Mwaka 2026 inatarajiwa kuanza katikati ya Februari na kuisha katika wiki ya tatu ya Machi, yaani ndani ya muhula wa kwanza. Watoto wa PP2 hawalazimiki kufunga, lakini nyumba nzima huamka kwa daku, na mtoto hufika darasani akiwa na usingizi. Mwalimu huweka lugha na hisabati mapema asubuhi, na huacha nyimbo, michezo na uchoraji kwa vipindi vya baadaye. Wiki moja ya kufidia huwekwa baada ya Idd.

La pili ni masika. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili, wakati mvua za masika zinapokuwa zimekolea pwani, nazo huendelea Mei. Katika Lunga Lunga, Mto Umba ukifurika, maeneo ya Vanga hujaa maji. Katika bara ya Kinango, mkondo uliokuwa mchanga mtupu Machi hauvukiki kwa mtoto wa miaka mitano. Kwa hiyo mwalimu hawezi kuweka hatua ngumu kuliko zote, ya kuunganisha konsonanti na irabu, katika wiki mbili za kwanza za muhula. Huanza kwa kurudia irabu, ili mtoto atakayefika wiki ya pili asiwe ameachwa. Somo la mazingira, kinyume chake, hufaidika: hali ya hewa, maji, mimea inayoota na usafi wa mikono hufundishwa wakati mtoto anaviona mlangoni.

La tatu ni lugha ya nyumbani. Sera ya elimu inasema mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la kituo. Kwa Kwale, hiyo inaweza kuwa Chidigo, Chiduruma au Kiswahili, na katika vituo vingine Kikamba husikika pia. Mwalimu huandika katika mpango wake watoto wangapi wanazungumza nini, na huanza na maneno ambayo wengi wanayajua kutoka nyumbani. Mtoto anayesikia neno geni hulazimika kujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: neno lenyewe na herufi zake.

Darasa moja, madarasa mawili

Katika vijiji vyenye watoto wachache, mwalimu mmoja anaweza kuwa na PP1 na PP2 katika chumba kimoja. Mpango wa mwaka kwa mwalimu huyo ni wa lazima zaidi. Akifundisha kila darasa peke yake, kila mtoto atapata nusu ya saa zile 75.

Njia inayofanya kazi ni kuweka mada moja kwa madarasa yote mawili na kazi tofauti. Wiki ya kuhesabu, wote huanza pamoja kwa wimbo. Kisha PP1 hutenga vifuniko kwa rangi wakati mwalimu anakaa na PP2 kwa nambari. Baada ya dakika kumi hubadilishana: PP2 huchora vitu na kuandika idadi yake, na mwalimu huenda kwa wadogo. Hilo haliwezi kubuniwa asubuhi ile ile. Huandikwa katika maazimio, safu moja ikisema kazi ya PP1 na nyingine kazi ya PP2.

Mtoto mwenye ulemavu huingizwa katika mpango kuanzia wiki ya kwanza. Asiyesikia vizuri hukaa mbele, akiutazama uso wa mwalimu. Asiyeona vizuri huandaliwa kadi za herufi kubwa au za kugusa. Mwalimu akiona dalili katika wiki ile ya mapokezi, humwita mzazi mapema na kumwelekeza mtoto akachunguzwe.

Kupima bila mtihani

PP2 haina mtihani wa taifa, na mtoto wa miaka mitano hapewi nafasi darasani. Mwalimu hupima kwa kuangalia, kuuliza na kuhifadhi kazi za mtoto. Kila jambo huwekwa katika ngazi moja kati ya nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, au mbali na matarajio.

Kipimo hicho ni cha mwalimu kwanza, kabla ya kuwa cha mzazi. Ikiwa nusu ya darasa iko mbali na matarajio katika irabu mwishoni mwa Machi, tatizo haliko kwa watoto. Mpango wa muhula wa pili ndio unaobadilishwa. Wiki 10 za mambo mapya zinaweza kuwa 9, na baadhi ya konsonanti zikasukumwa mbele. Ni afadhali mtoto aingie gredi ya kwanza akizijua konsonanti nane vizuri kuliko kuzipitia zote bila kusoma neno.

Ndiyo sababu wiki ya kwanza ya kila likizo, mwalimu hukaa tena na kalenda. Mpango unaofaa ni ule uliofutwa na kuandikwa upya mahali pengi.

Siku moja kwa wiki

Kuna hesabu moja ambayo kila mzazi anafaa kuifanya. Mtoto anayebaki nyumbani siku moja tu kila wiki, kwa sababu ya soko, kwa sababu ya kumlea mdogo wake, au kwa sababu sare haijakauka, hukosa siku 30 kati ya 150. Hizo ni wiki sita kamili. Ni sawa na wiki zote za kufidia ambazo mwalimu alizitenga kwa darasa zima.

Kuna pia desturi ya kuuona muhula wa tatu kama muhula wa kumalizia tu, kwa kuwa ni wiki 9. Kwa mpango ulioelezwa hapa, huo ndio muhula ambao silabi zinageuka maneno. Mtoto aliyesoma Januari hadi Julai akaachwa nyumbani Septemba amepanda, amepalilia, na hakuvuna.

Mtoto akikosa kwa sababu isiyoepukika, mzazi anaweza kupunguza hasara. Ampigie mwalimu simu au atume ujumbe siku hiyo hiyo, aulize darasa limefanya nini, na ampe mtoto dakika kumi jioni. Mzazi asiyejua kusoma anaweza pia: amwambie mtoto ataje vitu vya jikoni vinavyoanza na sauti ya wiki, ahesabu vikombe, apange sufuria kutoka ndogo hadi kubwa, amsimulie ngano kisha amwombe airudie.

Maswali ya kumwuliza mwalimu

Mkutano wa wazazi wa kufungua muhula ndio mahali pazuri pa kuanzia. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa heshima, na mwalimu mwenye mpango hufurahi kuulizwa. Maswali haya matano yanatosha.

1. Mwalimu, mwanangu anatarajiwa awe anaweza kufanya nini kufikia mwisho wa muhula huu?

2. Ni wiki zipi ambazo hafai kukosa kabisa?

3. Wiki za kufidia ni zipi, na mwanangu anahitaji kufidia nini?

4. Darasa linahitaji nyenzo gani ambazo tunaweza kuzikusanya nyumbani?

5. Jioni, ni jambo gani moja naweza kufanya naye?

Kwa wanakamati wa vituo, liko swali la sita: mwalimu wetu ana kalenda, daftari la maazimio na mahali pakavu pa kuzihifadhi? Mpango ulioandikwa kwenye karatasi ukaloa masika ni sawa na mpango ambao haukuandikwa.

Shule zinafunguliwa Jumatatu, 5 Januari 2026. Siku ile ya kwanza ni ya kumpokea mtoto, kumfahamu na kumzoesha. Siku 150 za masomo zinaanza Jumatatu inayofuata, 12 Januari, na irabu ya kwanza haimsubiri aliyechelewa. Mzazi wa PP1 au PP2 amfikishe mtoto kituoni wiki ya kufungua, na yeye mwenyewe asikose mkutano wa kwanza wa wazazi.